Uturuki na Ulinzi wa Anga wa Pamoja: Ngao Iliyo Mikononi mwa Wengi

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, kuna swali ambalo limekuwa likitufikia kila zinapozuka habari za vita Mashariki ya Kati. Hutujia baada ya darsa, na wakati mwingine huletwa na maimamu wenzetu ambao wameulizwa msikitini wakakosa la kujibu. Swali lenyewe ni hili: Uturuki ni nchi ya Waislamu, iweje iwe mwanachama wa NATO, Jumuiya ya Kujihami ya nchi za Magharibi? Wapo wanaojibu papo hapo kuwa ni haramu, wakafunga mjadala. Wapo wanaojibu papo hapo kuwa ni maslaha, nao wakafunga mjadala. Wanafunzi wa Usuli wanafahamu kuwa hukumu ya jambo ni tawi la kulielewa jambo lenyewe, na kwa maoni yetu makundi yote mawili yamekimbilia tawi kabla ya kuliona shina.

Katika makala hii tutatazama upande mmoja tu wa ushirika huo, nao ni ulinzi wa anga. Tumeuchagua kwa sababu ndipo fungo la ushirika linapokazwa zaidi kuliko mahali pengine popote.

Kwa nini anga?

Jeshi la nchi kavu likija, huonekana. Watawala hupata siku, pengine wiki, za kushauriana. Ndege ya kivita hukata anga ya nchi kwa dakika chache, na kombora ni haraka zaidi. Hakuna bunge linaloweza kuitwa likakaa kikao kombora likiwa tayari hewani. Kwa hiyo kila kitu lazima kiwe kimekubaliwa kabla: nani anatazama, nani anatoa amri, nani anafyatua.

Ndiyo maana tangu mwaka 1961 NATO ina utaratibu mmoja wa ulinzi wa anga kwa wanachama wake wa Ulaya. Rada za kila nchi hupeleka picha ya anga kwenye vituo vya pamoja. Upande wa kusini, Uturuki ikiwemo, huangaliwa na kituo kilichopo Torrejón nchini Hispania, na juu yake ipo kamandi ya anga iliyopo Ramstein, Ujerumani. Zamani kamandi ya anga ya upande wa kusini ilikuwa Izmir, ndani ya Uturuki yenyewe, lakini ilifungwa mwaka 2013. Ndege za zamu hukaa tayari usiku na mchana. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba majeshi ya nchi kavu ya mwanachama hubaki chini ya nchi yake wakati wa amani, ilhali kazi ya kulinda anga iko chini ya amri ya pamoja hata wakati wa amani.

Faida yake si ndogo. Nchi tatu za Baltiki, yaani Estonia, Latvia na Lithuania, hazikuwa na ndege za kivita za kulinda anga zao zilipojiunga mwaka 2004, na tangu mwaka huo ndege za wenzao zimekuwa zikipokezana zamu huko. Nchi ndogo hupata dari ambayo isingeweza kujijengea. Lakini Uturuki si nchi ndogo, na dari yake ina historia nyingine.

Namna Uturuki ilivyoingia

Mwaka 1945, vita vikuu vilipokuwa vinamalizika, Urusi ya Kisovieti iliidai Uturuki mambo mawili: ardhi ya Kars na Ardahan upande wa mashariki, na sehemu katika ulinzi wa milango ya bahari ya Bosphorus na Dardanelles. Waturuki walikuwa peke yao, jeshi limechakaa. Walitafuta mshirika. Mwaka 1950 wakapeleka askari wao Korea, mbali kabisa na kwao, ili waonekane kuwa ni watu wa kutegemewa, na tarehe 18 Februari 1952 wakapokelewa NATO pamoja na Ugiriki. Haya tunayataja kwa sababu baadhi ya wahadhiri wetu huzungumza kana kwamba Waturuki waliingia kwa kuipenda Magharibi tu. Hofu ilikuwepo, na ilikuwa ya kweli.

Mafakihi wanasemaje?

Jambo la kushirikiana ulinzi na wasiokuwa Waislamu si geni katika vitabu vyetu. Katika Sahifa ya Madina, Mtume (s.a.w.) alikubaliana na makabila ya Kiyahudi kusaidiana dhidi ya atakayeishambulia Yathrib, na kila kundi likapewa sehemu yake ya kulinda, ule upande unaolikabili. Msomaji akitazama ramani ya rada za leo, kila nchi na upande wake wa anga, ataona kuwa wazo hilo si geni. Tena Sahifa hiyo iliweka mpaka: wajibu wa kusaidiana haukuingia katika vita vya mtu anayepigana kwa ajili ya dini. Yaani ushirika ulikuwa wa kulinda mji, haukuwa wa kila vita.

Kuhusu kuomba msaada wa asiyekuwa Mwislamu vitani, maulamaa wamekhitalifiana. Ipo hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) katika Sahih Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alimrudisha mshirikina aliyetaka kufuatana naye Badr. Ipo pia habari mashuhuri ya Safwan bin Umayya, aliyeazimwa deraya zake kwa ajili ya Hunayn naye akiwa bado hajasilimu, na Mtume (s.a.w.) akadhamini kuzirudisha.

Sisi wa pwani hii, wengi wetu tumesoma Minhaj ya Imam an-Nawawi, na waliofika kwenye Kitabu cha Siyar watakumbuka masharti mawili aliyoyataja. La kwanza, wawe ni watu ambao khiana yao haihofiwi. La pili, lau hao wasaidizi wangegeuka wakaungana na adui, Waislamu wawe na nguvu za kuyakabili makundi yote mawili. Tunamuomba msomaji ayashike masharti haya mawili mkononi, kwa sababu historia ya Uturuki ndani ya NATO ni kama sherehe ndefu ya matini hii fupi.

Ushirika ulipojaribiwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marekani iliweka makombora 15 aina ya Jupiter karibu na Izmir. Waturuki waliyahesabu kuwa ni ngao yao. Mwezi Oktoba 1962 ukazuka mgogoro wa Cuba, na dunia ikakaribia vita vya nyuklia. Mgogoro ulipomalizika, sehemu ya makubaliano ya siri baina ya Washington na Moscow ilikuwa ni kuyaondoa makombora hayo ya Uturuki. Yakaondolewa mwaka 1963. Serikali ya Uturuki haikuambiwa kuwa ngao iliyokuwa juu ya ardhi yake imetumika kama bei katika biashara ya watu wengine.

Mwaka uliofuata likaja jambo zito zaidi. Waturuki walitaka kuingia Cyprus kuwahami ndugu zao, na tarehe 5 Juni 1964 Rais Johnson wa Marekani akamwandikia barua Waziri Mkuu İsmet İnönü. Miongoni mwa yaliyomo, alimtanabahisha kwamba wanachama wa NATO hawajapata nafasi ya kufikiri kama wana wajibu wa kuihami Uturuki dhidi ya Urusi, iwapo Uturuki itachukua hatua itakayoileta Urusi vitani bila ridhaa ya wenzake. Barua hiyo ilipofichuliwa miaka miwili baadaye iliwachoma sana Waturuki. Na walipoingia Cyprus kweli mwaka 1974, Bunge la Marekani likawawekea vikwazo vya silaha kuanzia mwaka 1975 hadi 1978.

Hapa pana jambo la kisheria ambalo watu wengi hawalijui. Ibara ya 5 ya mkataba wa NATO inasema kuwa kumshambulia mmoja ni kuwashambulia wote, na hilo ndilo linalonukuliwa kila siku. Lakini ibara hiyo hiyo inamwachia kila mwanachama achukue hatua atakayoiona yeye kuwa ni ya lazima. Neno hilo dogo ndilo lenye uzito. Kwa lugha ya mafakihi, wajibu upo, ila kiasi chake kimeachwa kwenye ijtihadi ya mwenye kudaiwa!

Ngao za kuazimwa

Kwa miaka mingi Uturuki haikuwa na mitambo yake ya kutungulia makombora ya masafa. Kila hatari ilipotokea, iliazima. Mwaka 1991, katika vita vya Ghuba, ililetewa mitambo ya Patriot kwa kuhofia makombora ya Iraq. Hata wakati huo, ndani ya Ujerumani kulikuwa na waliouliza kama Uturuki, kwa kuwa iliruhusu ndege za Marekani kutumia kambi ya Incirlik, haikujitakia yenyewe hatari hiyo.

Mwaka 2003 mambo yalikuwa magumu zaidi. Marekani ilijiandaa kuivamia Iraq, na Uturuki mwezi Februari ikaomba mashauriano chini ya Ibara ya 4, ili iandaliwe ulinzi. Ufaransa, Ujerumani na Ubelgiji zikazuia. Hoja yao haikuwa kwamba Uturuki haistahili kulindwa. Hoja yao ilikuwa kwamba kuanza maandalizi ni kukubali vita ambavyo wao wanavipinga. Mwishowe suala likapelekwa kwenye kamati ya mipango ya ulinzi, ambayo Ufaransa haikuwa mjumbe wake wakati huo, likapita. Patriot za Uholanzi zikafika. Msomaji aone: nchi moja iko jirani na vita, na ngao yake inasubiri wengine wamalize ugomvi wao juu ya jambo jingine.

Kisha Syria. Tarehe 22 Juni 2012 ndege ya Uturuki ilitunguliwa na majeshi ya Syria, na mwezi Oktoba makombora yakaanguka mji wa mpakani wa Akçakale yakaua raia watano. Uturuki ikaomba, na safari hii NATO ilikubali bila zogo kubwa, tarehe 4 Disemba 2012. Mwanzoni mwa 2013 Wamarekani waliweka mitambo yao Gaziantep, Wajerumani Kahramanmaraş, na Waholanzi Adana. Kila nchi ilileta mitambo miwili. Mpaka wa Uturuki na Syria una urefu wa kilomita 900 hivi, na mtambo mmoja wa aina hii, dhidi ya makombora, hulinda mji na viunga vyake, si nchi. Miji mitatu ikapata mwavuli. NATO ikatangaza pia kuwa mitambo hiyo haitatumika kuweka eneo la marufuku ya ndege ndani ya Syria, jambo ambalo Uturuki ilikuwa ikilitamani. Amri ya kufyatua haikuwa Ankara.

Waholanzi waliondoka mwanzoni mwa 2015, Wahispania wakashika nafasi yao. Mwezi Agosti 2015 Marekani na Ujerumani nazo zikatangaza kuondoa mitambo yao. Deraya za Safwan zilirudishwa na aliyeazima baada ya vita kwisha. Hizi zilichukuliwa na wenyewe wakati vita vya Syria vimepamba moto.

Tukio la Novemba 2015

Tarehe 24 Novemba 2015 ndege za Uturuki aina ya F-16 ziliitungua ndege ya Urusi aina ya Su-24 kwenye mpaka wa Syria. Kwa mujibu wa Uturuki ndege hiyo ilikuwa ndani ya anga yake kwa sekunde 17. Urusi ilikanusha kuwa iliingia. Rubani mmoja aliuawa.

Siku hiyo hiyo NATO ikakutana. Ikatoa kauli ya kushikamana na Uturuki, na papo hapo ikataka mambo yatulizwe. Kwa upande mmoja ushirika ulifanya kazi yake, kwani Urusi haikujibu kwa kuishambulia ardhi ya Uturuki, nasi hatudhani kuwa nchi iliyo peke yake ingesalimika kwa wepesi huo. Kwa upande mwingine, gharama ilibebwa na mmoja. Urusi ilizuia matunda na mboga za Uturuki, ikasimamisha safari za watalii wake, na ikapeleka mitambo ya S-400 katika kambi yake ya Hmeimim nchini Syria, hata ndege za Uturuki zikawa haziwezi kuruka huko kwa usalama. Wakulima wa nyanya wa Antalya hawakulipwa na Brussels. Mwezi Juni 2016 Rais Erdoğan akamwandikia Rais Putin barua ya kusikitika.

Jicho la Kürecik

Hadi hapa tumezungumzia yale Uturuki inayopewa. Lipo pia linalotakiwa kwake, na hili ndilo linalowasumbua zaidi wanaotuuliza.

Katika eneo la Kürecik, mkoa wa Malatya, ipo rada ya Marekani iliyoanza kazi mwaka 2012 kama sehemu ya ngao ya makombora ya NATO. Kazi yake ni kuyaona makombora yanapopaa kutoka upande wa mashariki na kupeleka habari kwa wenye kutungua: meli zilizopo baharini, na baadaye kituo cha Deveselu nchini Romania kilichoanza kazi mwaka 2016. Rada yenyewe haina kombora. Ni jicho lisilo na mkono.

Uturuki haikukubali kibubusa. Katika mkutano wa Lisbon wa Novemba 2010 ilishikilia kuwa Iran isitajwe kwa jina kama adui, na kweli haikutajwa. Ilitaka pia ardhi yake yote iwe ndani ya ulinzi. Na ilisisitiza kuwa habari za rada hiyo zisipewe Israel. Uongozi wa NATO ulisema kuwa habari hizo ni za wanachama peke yao, na Israel si mwanachama. Hata hivyo wapinzani nchini Uturuki hawakuridhika, kwa sababu Marekani ni mwanachama na pia ni rafiki wa Israel, na kinachoingia katika sikio moja la mtu hakizuiliki kufika kwenye ulimi wake. Iran nayo haikuridhika. Mwezi Novemba 2011 kamanda wake wa makombora, Amir Ali Hajizadeh, alisema kuwa nchi yake ikitishiwa, kitu cha kwanza kulengwa kitakuwa ngao hiyo iliyopo Uturuki.

Tazama basi hali ya mwanachama: rada iliyowekwa ili kuwalinda wengi imekuwa shabaha juu ya ardhi ya mmoja.

Sisi tunaona kuwa swali la kifiqhi lipo hapa, kuliko katika neno "NATO" lenyewe. Aya ya 72 ya Suratul Anfal inawawajibisha Waumini kuwanusuru wenzao wanaoomba msaada katika dini, kisha inatoa istithnai ya watu wenye ahadi na Waumini. Kwa hiyo ahadi ina uzito hata pale inapouma. Hudhayfa (r.a.) hakupigana Badr kwa sababu alikuwa amewaahidi Maquraish kutopigana, na Mtume (s.a.w.) akamwambia aitekeleze ahadi yake. Lakini kutimiza ahadi ya kutopigana ni jambo moja, na kuwa jicho la mwenye kumpiga Mwislamu ni jambo jingine. Masharti yaliyowekwa Lisbon, kama yametimizwa kikweli, yanaitoa Uturuki katika lawama. Yakivunjwa na ikanyamaza, hatuioni njia ya kuitetea.

Na mwanachama anaweza kukataa. Tarehe 1 Machi 2003 Bunge la Uturuki lilipiga kura juu ya kuwaruhusu askari wa Marekani wapite kwenda Iraq. Waliokubali walikuwa 264, waliokataa 250, na 19 hawakuegemea upande wowote. Ingawa waliokubali walikuwa wengi zaidi, hawakufikia nusu ya waliohudhuria, hivyo azimio likaanguka na jeshi la nchi kavu halikupita. Uturuki ikabaki NATO. Wanaodai kuwa mwanachama hana khiyari yoyote waitazame kura hiyo.

Kutafuta ngao ya pili

Sharti la pili la Imam an-Nawawi, la kuwa na nguvu hata msaidizi akigeuka, ndilo Uturuki ilijaribu kulitimiza baadaye. Mwaka 2013 ilichagua mitambo ya China, ikapingwa na wenzake kwa kuwa haiwezi kuunganishwa na mtandao wa NATO, na mwaka 2015 ikaacha. Mwaka 2017 ikakubaliana na Urusi kununua S-400, kwa bei iliyotajwa kuwa dola bilioni 2.5 hivi. Mzigo wa kwanza ulishuka karibu na Ankara tarehe 12 Julai 2019. Siku tano baadaye Marekani ikatangaza kuitoa Uturuki katika mradi wa ndege za F-35, ambao viwanda vya Uturuki vilikuwa vikiutengenezea vipuri zaidi ya 900, na Uturuki ilikuwa imepanga kununua ndege 100. Tarehe 14 Disemba 2020 vikafuata vikwazo dhidi ya idara yake ya ununuzi wa silaha.

Hoja ya Marekani ilikuwa kwamba rada ya Kirusi itajifunza siri za ndege hiyo. Kitaalamu hoja hiyo ina msingi. Lakini matokeo yake ni kwamba Uturuki ilinunua ngao isiyoweza kuungana na rada za wenzake, ikabaki kama kisiwa, na ikapoteza ndege kwa ajili yake. Hata mitambo ile ilipojaribiwa Sinop mwezi Oktoba 2020, ilijaribiwa peke yake. Kwa maoni yetu kosa halikuwa kutaka nguvu ya kujitegemea. Kosa lilikuwa kuondoa utegemezi kwa mmoja kwa kuingia katika utegemezi kwa mwingine, tena yule yule aliyekuwa sababu ya kujiunga mwaka 1952.

Inaonekana wao wenyewe waliliona hilo. Mwezi Februari 2024 Uturuki ilitia saini kuingia katika mpango wa ngao ya anga ya Ulaya ulioanzishwa na Ujerumani mwaka 2022. Mwezi Agosti mwaka huo huo ikaidhinisha mradi wake wenyewe ulioitwa Çelik Kubbe, yaani Kuba la Chuma, wa kuunganisha rada na makombora yaliyotengenezwa nyumbani, Hisar kwa masafa mafupi na ya kati, na Siper kwa masafa marefu. Mkono mmoja umeshika ushirika, mwingine unajenga. S-400 hazikutajwa kuwa sehemu ya kuba hilo.

Wallahu a'lam.